Mafua: Kwa nini dawa 'iliyokuponya' huenda haikufanya lolote

Jumatatu asubuhi unaamka koo linawasha. Unakunywa maji, unajiambia ni vumbi tu. Jumanne pua imeziba, macho yanatoa machozi, unapiga chafya hadi abiria wa siti ya mbele kwenye daladala anageuka kukuangalia. Jumatano kichwa kizito, sauti imebadilika, na kila anayekupigia simu anauliza, "Vipi, ulikuwa umelala?"

Jioni hiyo unapita duka la dawa la mtaani. "Naomba dawa ya mafua." Unapewa vidonge vya maumivu, halafu unaongezewa na kapsuli chache za antibayotiki, "ili upone haraka". Ijumaa unajisikia afadhali. Jumatatu inayofuata uko fiti kabisa. Unamwambia jirani: "Ile dawa ni kiboko."

Nimefanya hivyo mwenyewe, tena si mara moja. Nilipokuwa chuo, kila pua ikianza kutoa kamasi nilikuwa nanunua amoksilini nusu dozi. Nakunywa siku mbili, zinazobaki naziweka kwenye droo kwa ajili ya "siku nyingine", au nampa mwenzangu wa chumbani akianza kukohoa. Na kila mara nilipona.

Nilipoanza kuandika habari za afya ndipo nikaelewa jambo moja dogo: ningepona siku ileile hata kama nisingemeza kapsuli hata moja.

Hela niliyopoteza si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba zile kapsuli zilikuwa zinafanya kazi nyingine kimyakimya mwilini mwangu, na madhara yake yanaweza kumfikia mtoto wa jirani ambaye hata hanijui. Tutafika huko. Kwanza tuwaelewe hawa mafua wenyewe.

Mafua ni nini hasa?

Mafua ni maambukizi ya pua na koo yanayosababishwa na virusi. Si kirusi kimoja. Kuna aina zaidi ya 200 za virusi vinavyoweza kukuletea mafua. Vinavyoongoza ni kundi linaloitwa rinovirusi, ambalo peke yake lina aina zaidi ya 160.

Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo wengi hujiuliza: mbona mwezi wa nne niliugua, mwezi wa saba naugua tena? Kwa sababu kinga uliyoipata dhidi ya kirusi kimoja haikulindi vizuri dhidi ya kingine. Kila mara unakutana na mgeni mpya. Ndiyo maana pia mpaka leo hakuna chanjo ya mafua haya ya kawaida.

Mtu mzima wa kawaida hupata mafua mara 2 hadi 3 kwa mwaka. Mtoto mdogo anaweza kupata mara 6 hadi 8, au hata zaidi akianza shule ya chekechea. Kwa hiyo mama au baba, mtoto wako akiwa na mafua mara kwa mara, si lazima uwe na wasiwasi kwamba ana tatizo. Kinga yake iko darasani, inajifunza.

Ratiba ya mafua, siku kwa siku

Mafua yana ratiba inayofanana kwa watu wengi. Ukiijua, hofu inapungua.

- Siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa: bado hujui kitu. Virusi vinaongezeka ndani ya pua na koo.
- Siku ya kwanza ya dalili: koo linawasha, mwili unachoka kidogo.
- Siku ya pili na ya tatu: hapa ndipo kileleni. Pua inatiririka kisha inaziba, chafya, kichwa kinauma, kamasi linaanza kuwa zito.
- Siku ya nne hadi ya saba: dalili zinapungua moja moja.
- Siku ya saba hadi ya kumi: wengi wamepona. Kikohozi ndicho huchelewa kuondoka, kinaweza kubaki hata wiki 2 au 3.

Sasa jiulize: ni siku gani watu wengi hukimbilia duka la dawa? Siku ya tatu, wakati hali imekuwa mbaya kuliko zote. Na baada ya siku ya tatu kinachofuata ni nini? Nafuu, yaani nafuu ambayo ilikuwa inakuja yenyewe.

Ndiyo maana kila dawa ya mafua inaonekana inafanya kazi. Ukimeza antibayotiki siku ya tatu, utapata nafuu siku ya nne au ya tano. Ukinywa majani ya shangazi siku ya tatu, nafuu itakuja muda uleule. Kazi imefanywa na kinga yako, sifa imechukuliwa na kilichomezwa mwisho.

Si maneno yangu tu. Watafiti wamewahi kulinganisha wagonjwa wa mafua waliopewa antibayotiki na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani. Waliopewa antibayotiki hawakupona haraka zaidi. Walichopata zaidi ni madhara kama kuharisha na vipele.

"Lakini kamasi limekuwa la kijani!"

Hili ndilo linalotuponza wengi. Kamasi likiwa jeupe tunavumilia. Likigeuka njano au kijani tunasema, "Sasa imekuwa infeksheni, nahitaji antibayotiki."

Rangi ile haitoki kwa bakteria. Inatoka kwa askari wako mwenyewe. Mwili ukitambua virusi, seli nyeupe za damu hukimbilia kwenye pua kupambana. Ndani ya seli hizo kuna kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho kina rangi ya kijani. Seli zikiwa nyingi na kamasi likikaa muda mrefu puani, hasa usiku ukiwa umelala, asubuhi linatoka la njano au kijani.

Kwa hiyo kamasi la kijani peke yake ni ishara kwamba vita inaendelea, si ushahidi kwamba bakteria wameingia. Kinachopaswa kukushtua ni kitu kingine: ulikuwa umeanza kupata nafuu, halafu ghafla hali ikageuka kuwa mbaya tena, na homa juu. Au siku 10 zimepita na hakuna nafuu yoyote. Hapo nenda ukapimwe.

Kwa nini antibayotiki haiwezi kuua virusi

Antibayotiki imetengenezwa kushambulia bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili chenye seli yake, na dawa kama amoksilini huvuruga ukuta wa seli hiyo mpaka ipasuke. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo. Kinaingia ndani ya seli zako na kuzitumia kujizalisha. Kukipa kirusi amoksilini ni kama kumfukuza mbu kwa dawa ya panya.

Sasa tufike kwenye ile kazi ya kimyakimya.

Hata ukiwa mzima kabisa, puani, kooni na tumboni mwako kuna bakteria wengi. Wengi hawana shida, na baadhi wana faida. Unapomeza antibayotiki kwa ajili ya mafua, virusi havidhuriki, lakini bakteria hao wanapigwa. Dhaifu wanakufa. Wachache wenye uwezo wa kuhimili dawa wanabaki, wanazaana, na wanachukua nafasi yote. Siku nyingine mmoja wao akisababisha ugonjwa, kwako au kwa mtu uliyemwambukiza, dawa ile inagonga mwamba. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Aliyeonya mapema kuhusu hili ni mtu yuleyule aliyegundua penisilini, Alexander Fleming. Aliigundua mwaka 1928, na mwaka 1945 akapewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake ya Desemba mwaka huo alitoa mfano wa kubuni. Kuna bwana mmoja anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe na kunywa kiasi kidogo, kisichotosha kuua bakteria ila kinachotosha kuwafundisha kuizoea. Halafu anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haimsaidii. Anafariki.

Soma tena mfano ule. Koo linauma, kununua mwenyewe, nusu dozi. Fleming alisema hayo miaka 80 iliyopita, lakini ni kama alipita kwenye duka la dawa la mtaani kwetu jana jioni.

Na haikubaki hadithi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa.

Hapa kwetu kuna jambo la kuuma zaidi. Amoksilini, hiyo hiyo tunayoichezea kwa mafua, ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mwenye nimonia anayetibiwa bila kulazwa. Ni ya bei nafuu na inapatikana hadi zahanati za vijijini. Tukiiharibu, mtoto wa kwanza kulipia atakuwa yule ambaye familia yake haina uwezo wa kufuata dawa ya gharama hospitali kubwa.

Je, mafua huletwa na baridi?

"Vaa sweta, utapata mafua." Hakuna aliyekua bila kuambiwa hivi.

Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha kituo maalumu cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury. Watu walijitolea kukaa pale kwa siku kadhaa na kuwekewa virusi puani. Baadhi yao waliogeshwa, kisha wakasimama wamelowa kwenye korido yenye upepo wa baridi, tena na soksi mbichi. Watafiti walitarajia hao ndio wataugua zaidi. Haikuwa hivyo.

Baridi peke yake, bila kirusi, haiwezi kukuletea mafua. Ila haiko mbali na eneo la tukio. Rinovirusi huzaana vizuri kwenye nyuzijoto 33 hadi 35, ambalo ndilo joto la ndani ya pua, chini kidogo ya joto la mwili. Na wakati wa baridi ya Juni na Julai kule Njombe, Mbeya au Lushoto, au mvua zikipiga Dar es Salaam, tunafanya nini? Tunafunga madirisha. Daladala imejaa, vioo vimefungwa, mmoja anapiga chafya na wote tunavuta hewa ileile.

Kwa hiyo bibi hakukosea kukuambia uvae sweta. Ila kilichokuambukiza ni mtu, si upepo.

Mambo yanayosaidia kweli

Hakuna dawa inayoua virusi vya mafua. Kilichopo ni kukufanya upite zile siku kwa unafuu.

Pumzika. Kinga inafanya kazi kubwa, ipe nafasi. Najua si kila mtu ana bosi wa kumwelewa, na mwenye genge asipofungua siku hiyo hakuna hela. Basi angalau lala mapema zile siku mbili tatu za mwanzo.

Kunywa vya kutosha. Maji, uji, supu, chai ya tangawizi. Cha moto hulegeza kamasi na kutuliza koo.

Sukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja. Usimeze, tema. Mtoto mdogo asiyejua kusukutua usimpe.

Asali. Inasaidia kutuliza kikohozi, hasa usiku. Lakini kamwe usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata kidogo. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti, na sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Parasetamoli kwa homa na maumivu. Mtu mzima: vidonge 1 hadi 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 4 hadi 6, na visizidi 8 kwa saa 24. Kwa mtoto, kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo muulize mfamasia au mhudumu wa afya.

Matone ya maji ya chumvi puani kwa mtoto mchanga aliyezibwa pua. Yanauzwa tayari maduka ya dawa. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, ndiyo maana ikiziba anashindwa kunyonya na analia sana. Mzibue kwanza, kisha mnyonyeshe.

Mambo ya kuangalia mara mbili

Nyungu. Tangu mwaka 2020 wakati wa Uviko-19, kujifukiza kumerudi kwa kasi. Mvuke unaweza kukufanya ujisikie pua imefunguka kwa muda, lakini hauui virusi wala haufupishi ugonjwa. Hatari yake ni sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi. Watoto wameungua vibaya kwa njia hii. Mtoto usimfukize. Wewe mwenyewe, ukiweza, oga maji ya moto tu, utapata mvuke uleule bila hatari hiyo.

Vitamini C na malimau. Kula matunda, ni mazuri. Lakini tafiti zinaonyesha kuanza kumeza vidonge vya vitamini C baada ya mafua kuanza hakuna faida ya maana. Wanaoinywa kila siku hupona mapema kidogo, kwa watu wazima muda hupungua kwa takriban asilimia 8. Kwa mafua ya siku 7, hiyo ni kama nusu siku tu.

Dawa mchanganyiko za mafua. Hizi nyingi zina parasetamoli ndani tayari. Ukizimeza halafu ukaongeza parasetamoli nyingine kwa sababu kichwa bado kinauma, unajizidishia dozi bila kujua, na anayeumia ni ini. Soma pakiti. Nyingine zina dawa inayoleta usingizi. Kama wewe ni dereva, bodaboda au unafanya kazi na mashine, uliza kabla. Kama una presha, sema, maana baadhi ya dawa za kuzibua pua huipandisha. Mjamzito usimeze chochote kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya.

Dawa ya kupulizia puani ya kuzibua. Inafanya kazi haraka, lakini ukiitumia zaidi ya siku 5 hivi, pua huizoea na inaanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Aspirini kwa watoto. Usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 mwenye mafua au homa, isipokuwa daktari ameagiza. Inaweza kusababisha ugonjwa adimu lakini hatari unaoshambulia ini na ubongo.

Lini si mafua tena?

Hii ndiyo sehemu ya kusoma taratibu. Kuacha antibayotiki hakuna maana ya kupuuza. Maana yake ni kujua lini pa kusubiri na lini pa kukimbia.

Homa kali iliyoanza ghafla, mwili wote unauma, huwezi kutoka kitandani. Hiyo inaweza kuwa influenza au Uviko-19, ambazo ni kali kuliko mafua ya kawaida, hasa kwa wazee, wajawazito na wenye kisukari, pumu au magonjwa ya moyo.

Homa katika eneo lenye malaria. Usibahatishe. Mtu anaweza kuwa na mafua na malaria kwa pamoja. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua takriban dakika 15 hadi 20. Pima ndipo unywe dawa.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi. Huenda ni mabaki ya mafua tu, lakini kapime kifua kikuu, hasa kama unakonda, unatokwa jasho usiku au unakohoa damu. Unayeishi na VVU usisubiri wiki mbili, ukianza tu kukohoa nenda.

Kushindwa kupumua, kifua kubana, kuchanganyikiwa. Hospitali, sasa hivi.

Kwa mtoto chini ya miaka 5, mhesabu pumzi.

Huhitaji kifaa, unahitaji simu hiyo uliyoishika. Subiri mtoto atulie, asiwe analia. Mfunue kifua, weka saa ya dakika 1, hesabu kila kifua kinapopanda. Dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili.

Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo anaweza kuwa na nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na usisubiri hata kuhesabu, mkimbize, ukiona mojawapo ya haya: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye ni wa kupelekwa moja kwa moja.

Hakikisha pia kadi yake ya kliniki iko kamili. Tanzania ilianza kutoa chanjo dhidi ya bakteria mkuu wa nimonia mwaka 2013, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Haizuii mafua, lakini inamkinga na kile kinachoweza kufuata.

Usimpelekee mwingine

Unaambukiza zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo za dalili. Virusi husafiri kwa matone ya chafya na kikohozi, na kwa mikono. Unafuta pua, unashika mpini wa mlango, mwenzako anashika, anajifikicha jicho. Kazi imekwisha.

- Nawa mikono kwa maji na sabuni, sekunde 20.
- Kohoa na upige chafya kwenye kiwiko, si kwenye kiganja ambacho baadaye utampa mtu mkono.
- Kitambaa cha kufutia pua kiwe chako peke yako, na ukifue kila siku. Karatasi laini itupe mara moja.
- Fungua dirisha. Ndiyo, hata la daladala.
- Ukiwa na mafua, usimbusu mtoto mchanga wa watu. Pongezi zako zitapokewa hata kwa mbali.

Ukifika duka la dawa, sema hivi

Tatizo mara nyingi linaanza na lile ombi letu: "Naomba dawa ya mafua iliyo kali." Muuzaji naye ni mfanyabiashara. Mteja akitaka kikali, atapewa kikali. Antibayotiki kwa kawaida ni dawa za cheti cha daktari, ila wewe na mimi tunajua mtaani mambo yanakwendaje.

Badilisha ombi. Sema: "Nina mafua siku ya tatu, homa sina, nahitaji kitu cha kupunguza maumivu na pua kufunguka." Ukipewa antibayotiki, uliza swali moja: "Hii ni ya bakteria gani?" Kama hakuna jibu, irudishe mezani. Zile zilizobaki kwenye droo usizinywe wala usimgawie mtu. Na siku daktari akikupima na kukuandikia antibayotiki kwa sababu ya msingi, inywe kama alivyoelekeza mpaka mwisho, hata kama umeshapata nafuu.

Wiki chache zilizopita mafua yalinirudia. Jumatatu koo, Jumanne pua, Jumatano nikawa sijielewi. Safari hii nilinunua parasetamoli tu, nikanywa chai ya tangawizi na kulala saa tatu usiku kama mtoto wa shule. Jumatano usiku, nisifiche, mkono uliiwazia ile droo. Ijumaa nikaanza kusikia harufu ya chakula tena. Jumatatu nilikuwa kazini.

Siku saba, kama kawaida, na kapsuli hata moja haikupotea bure.